Chungu Hakina Kizibo

Migori,
3 Julai 2025

Ratemo amekuwa wa kwanza. Wa kwanza, Mama Dolphine, si wa pili, si wa kupewa cheti cha kushiriki ili asilie. Kule Kisumu walikusanyika wapika pombe wa nyumbani, wengine na mitungi inayong'aa kama vyombo vya hospitali, na mwanangu akaenda na chupa zake ndani ya sanduku la kubebea kuku, amezifunga kwa magazeti, akawapita wote. Mzungu mmoja alionja, akafunga macho. Ratemo mwenyewe ndiye aliyeniambia, na Ratemo hajui kuongeza chumvi, hilo hakulirithi kwangu.

Ona, hata sijakusalimu. Hujambo, mkwe wangu? Naandika kwa kuwa simu na masikio yako ni maadui, na Kidholuo changu kinaishia kwenye bei ya samaki, nawe Kikisii chako ni cha salamu tu. Kiswahili kitatubeba sote wawili.

Basi nikueleze mkwe wako anafanya nini, maana watu wako wa Kosele wasifikiri ni mambo ya vichakani. Pombe yenyewe ina rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyokolea. Hanunui unga wa kukoroga. Ananunua shayiri iliyooteshwa, punje nzima, anaisaga mwenyewe, anailoweka katika maji ya moto yasiyopita digrii sitini na saba. Nilimwuliza, ikifika sitini na nane kutatokea nini. Aliniangalia kana kwamba nimetukana kanisa. Halafu anachemsha na maua machungu yanayoitwa hopsi, mwisho anatia maganda ya machungwa na ndimu kutoka kibanda changu sokoni. Ganda la juu tu. Akiona ile nyeupe ya ndani imeshika kisu, anatupa lote.

Sasa hii aliyopika ni yenu, ya siku tutakayokuja kuleta ng'ombe wa mahari ya Dolphine. Mimi ni Msabato, unajua, haijagusa ulimi wangu wala haitagusa. Lakini marehemu mama yangu alipika busaa, pombe ya nafaka, mpaka watu wakaja kutoka ng'ambo ya mto na mirija yao, na siku ile pasta aliponizamisha alibatiza ulimi wangu, masikio hakuyagusa. Siku ya kutia kwenye chupa, Ratemo alichanganya sukari yake, akaenda stendi kuchukua vizibo. Nikafunua ndoo nikainamisha sikio. Kimya. Pombe imelala kama maji ya kisima. Nikajiuliza, hii ndiyo itawekwa mbele ya wazee wa Kosele? Nikachukua konzi ya kimea cha wimbi, nikakitwanga hadi kikawa kama poda ya mtoto, nikakorogea mle. Haikuchukua muda ikaanza kunong'ona.

Ratemo aliporudi alisema imechafuka kidogo, labda ni machungwa. Nikamwachia machungwa yake. Watoto waliosoma hawapendi kusaidiwa.

Nyangau wa lori la mananasi atakuletea kreti akipita huko. Weka mahali pasipo na watoto na walevi. Sisi tutakuja Jumapili ya tarehe tatu Agosti.

Mimi mkwe wako mwenye furaha,
Bathsheba Nyaboke, Mama Ratemo


Kosele,
10 Julai 2025

Mama Ratemo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa Dolphine, naye alicheka hapo kwenye digrii sitini na nane mpaka akashika ukuta. Anasema ni kweli, Ratemo hata chai yake anaipima.

Hilo la kimea umefanya vizuri. Pombe iliyolala ni aibu kwa mwenyeji na kwa mgeni pia. Mama yangu naye aliamsha yake vivyo hivyo. Sikumwambia Dolphine, angemwambia bwana wake, halafu ningeusikia ugomvi hata mimi nisiyesikia.

Kreti zimefika, nimeziweka stoo. Stoo ni ya mabati lakini ina kufuli. Dolphine ameomba siku mbili bila kuendesha tuktuk ili anisaidie kupika. Huko Oyugis abiria wake watalia, wanasema hakuna dereva anayekwepa mashimo kama yeye.

Karibuni.

Millicent


Kosele,
29 Julai 2025

Mama Ratemo,

Chupa zimepasuka.

Dolphine aliingia stoo kuchukua sufuria kubwa. Anasema alisikia moja inalia kama paka mchanga, akainama kuiangalia. Hiyo ilimpiga usoni, na nyingine zikaitikia. Mimi sikusikia kitu. Niliona kuku wanakimbia kutoka upande wa stoo, ndipo nikajua.

Jicho la kulia limekwisha. Daktari wa Kisumu alisema hivyo mbele yake bila kuzunguka. La kushoto, anasema, ni zima.

Ratemo yuko naye huko Kisumu, analala kwenye benchi nje ya wodi. Msije Jumapili.

Millicent


Migori,
31 Julai 2025

Mama Dolphine, mama mwenzangu,

Nimekaa chini hapo hapo nilipopewa barua, katikati ya ndizi za watu. Mtoto wetu. Mungu, Nyasaye wenu na Nyasae wetu, ni mmoja, herufi moja tu inawatenganisha, na wote wawili nimewaita tangu jana.

Mimi nasema ni mabati. Stoo ya mabati mwezi huu ni jiko. Au ni Nyangau, anaendesha lori kama anafukuzwa na nyuki, pombe imetikisika njia nzima. Au ni wale aliowashinda Kisumu, watu wana macho mabaya. Mwanangu hawezi kutengeneza kitu cha kuumiza mtu, wewe unamjua, huyu ni mtoto aliyekuwa akipuliza mchuzi wa paka upoe.

Mwambie Dolphine jicho moja si mwisho. Hata tuktuk taa moja ikiungua inafika nyumbani. Nimeandika upuuzi, nisamehe, karatasi nyingine sina. Usimsomee hapo.

Nimechagua matunda mazuri, Nyangau atayaleta. Ampe Dolphine mwenyewe mkononi.

Bathsheba


Kosele,
20 Agosti 2025

Mama Ratemo,

Dolphine amerudi nyumbani na kitambaa usoni. Wiki iliyopita baba yake mdogo, Willis, aliita kikao. Walimweka Ratemo kwenye kiti katikati na kumwuliza ni nini kilichopasua chupa. Willis aliuliza kwa upole, lazima niseme ukweli. Ratemo alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti. Alisema amefikiri kila njia, na njia imebaki moja, kwamba alitia sukari mara mbili na akasahau.

Aliyejibu ni Dolphine, kutoka mlango wa chumbani, na alisema karibu nami nikasikia vizuri. "Mtu asiyekumbuka alichotia kwenye ndoo yake mwenyewe, nimkabidhi jicho lililobaki?"

Ratemo aliondoka bila kunywa maji. Nami nilimfuata hadi njiani, nikamwambia kitu ambacho sitakiandika. Nasikia sasa yuko Macalder, anachimba dhahabu na watu asiowajua.

Sikuandika haya ili ulie. Niliona ujue kwamba hapa mambo ya ng'ombe yamefungwa.

Millicent


Migori,
28 Agosti 2025

Mama Dolphine,

Hakutia mara mbili. Mimi nilikuwepo. Sukari aliipima kwa mizani ya wanunuzi wa dhahabu, ile ndogo, unyoya ukiiangukia inainama. Punje zilizozidi alizitoa kwa ncha ya kisu. Kisha akafunga pakiti na kuirudisha juu ya kabati, na mimi ndiye niliyeishusha jioni kwa chai, ilikuwa imefungwa kwa mpira vile vile. Nakwambia mbele ya Mungu, hakutia mara mbili. Mtu wa namna hiyo hasahau.

Kwa nini aseme alisahau? Ni kwa sababu ameshindwa kupata jawabu, naye hawezi kuishi bila jawabu, tangu utoto. Ameuza vyombo vyake vyote, na kipimajoto amekikanyaga hapa uani kwangu. Nimeokota vipande kwa mikono.

Waambie wazee wako. Sijui ni nini kilichopasua zile chupa, lakini haukuwa mkono wa mwanangu. Angalieni kwingine. Mwambie Dolphine aangalie kwingine.

Bathsheba Nyaboke


Kosele,
12 Septemba 2025

Mama Ratemo,

Chungu hakina kizibo.

Nimezungukwa na neno hili wiki nzima, kwa hiyo naliweka kwanza. Siku moja kabla ya kile kikao, Ratemo alikaa nami kwenye benchi nje, akanipigia kelele katika sikio la kushoto, lile linalojaribu. Nilimtaka anieleze kama mtu mzima mjinga. Akasema pombe ikinyamaza kwenye ndoo haijafa, imeshiba. Ile sukari kidogo ya mwisho ni ya kuipa pumzi tu ndani ya chupa. Nikamwuliza, sukari ikiwa sawa, ni nini kingine kinaweza kupasua? Akasema labda kama kimea kibichi kingeingia, kwa sababu kimea kinaamsha chakula kilichobaki na pombe inaanza kula upya, na safari hii imefungiwa ndani. Halafu akacheka kidogo, akasema lakini nani angetia kimea kibichi?

Siku ile nilipitwa. Mtoto wangu alikuwa ndani analia, akili yangu haikuwa pale. Ni barua yako hii ya mwisho, ya kuapa kwamba sukari ilikuwa sawa, iliyonirudisha kwenye lile benchi.

Mama zetu waliamsha busaa kwenye chungu. Chungu kinapumua, kinatoa povu, kinamwagika, tunapangusa. Wewe uliamsha kitu kilichokuwa kinaenda kufungwa. Nami niliandika kwa mkono wangu kwamba umefanya vizuri.

Yule kijana anachimba shimo kwa kosa la wanawake wawili. Wewe ni mama yake. Mwambie.

Millicent


Migori,
13 Oktoba 2025

Mama Dolphine,

Umengoja mwezi mzima. Barua niliandika, tatu, zote zimewasha jiko. Nilijua kabla sijamaliza mstari wako wa kwanza. Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina langu la utotoni.

Sasa nisikilize mimi. Tuliache. Ratemo akiamini kosa ni lake, ni kijana, atachoka kujilaumu siku moja na atarudi. Lakini akijua ni mimi, atarudi kwa nani? Mtoto akikosewa na dunia anakimbilia kwa mama. Akikosewa na mama anakimbilia wapi? Na Dolphine tayari amekwisha kumkasirikia mtu mmoja, kwa nini tumpe wa pili? Jicho halitarudi kwa maneno.

Na hapa sokoni, hujui. Tangu Kisumu wananiita Mama Wa Kwanza. Mimi mwenyewe niliwafundisha. Mzee Monari wa kanisa hakupenda habari ya pombe, na nilisimama mbele ya akina mama wote wa Dorkasi, chama chetu cha kanisani, nikasema mwanangu hakosei, Bwana amempa mkono wa kupima. Nisimame tena niseme nini? Kwamba mkono ulikuwa mzuri mpaka nilipoutilia wangu?

Tena uliniambia nimefanya vizuri. Sikulazimisha kalamu yako.

Nakuomba, mama mwenzangu. Tuzeeke nalo.

Bathsheba


Kosele,
22 Oktoba 2025

Mama Ratemo,

Wiki iliyopita Dolphine aliniuliza kama stima zimepotea, mbona ni giza. Nilikuwa naanika dagaa wa omena uani, jua liko kichwani.

Tulirudi Kisumu. Daktari anasema huwa inatokea, si mara nyingi, jicho lililoumia linamwita mwenzake na mwenzake anamfuata. Kuna dawa wanampa. Nilimwangalia daktari mdomoni, kwa sababu midomo naisoma kuliko ninavyosikia, na mdomo ule haukuwa na tumaini. Dolphine anaona mwanga wa mlango, na kivuli changu nikisimama mlangoni. Tuktuk tumeiuza. Aliomba akae ndani yake kidogo kabla haijachukuliwa, akashika usukani.

Umesema niliandika mimi, na ni kweli. Sina kilima cha kusimama nikuangalie chini. Lakini sikiliza ninavyoishi. Kila asubuhi nampelekea maji ya kunawa, na kila asubuhi anamlaani Ratemo, polepole, kama mtu anayesali. Mimi nimeshika beseni. Nanyamaza. Juzi aliacha katikati ya laana, akalia, akasema anamkumbuka. Nikanyamaza hapo pia.

Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekuuza. Kwa hiyo nakuachia wewe useme. Usiposema, nitasema, kisha tusiandikiane tena.

Millicent


Migori,
6 Novemba 2025

Mama Dolphine,

Nilikwenda Macalder. Nilienda kumwambia, na nilijipanga njiani kama mtoto anayetumwa dukani, nikirudia maneno yasipotee.

Walimwita kutoka shimoni. Alipanda kwa kamba, amejaa vumbi, mweupe kichwa hadi miguu, sikumjua mpaka alipotabasamu. Hakunisalimu kwanza. Alikwenda kunawa mikono, akanawa sana, akaifuta, ndipo akaniamkia. Watu wa pale wanamheshimu. Wanasema akipima dhahabu hakuna anayerudia mizani. Nilisikia hilo na kifua kikanipanda kwa fahari, hata pale, hata siku ile. Ona mtu niliye.

Tukakaa juu ya mawe. Akatoa mfukoni kipande cha nailoni, ndani yake punje moja ndogo kama mbegu ya nyanya. Akasema anakusanya. Kuna miwani, alisoma kwenye simu, ina kioo cheusi upande mmoja na cha kawaida upande mwingine, mtu akiivaa anaweza hata kuendesha. Akaniuliza, "Mama, la kushoto si bado linaona?"

Nikasema linaona.

Nilikwenda na jambo moja la kusema nikarudi na mawili. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaninunulia soda. Aliniuliza kama nakula vizuri.

Nimerudi na sijalala vizuri tangu siku ile. Nimejaribu kukasirika nawe, nimeshindwa. Nimejaribu kukikasirikia kile kimea. Nimejaribu kusema nilifanya kwa upendo, na ni kweli nilifanya kwa upendo, lakini si upendo peke yake. Nilitaka wazee wenu wanywe, wasifu, na mimi nikae pembeni nikijua kwamba sifa nusu ni yangu. Hata ushindi wa Kisumu sikuridhika uwe wake tu.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Sitamwambia Ratemo kwanza peke yake, maana nimeona ninavyofanya nikiwa naye peke yake. Nikiwa na mtu mmoja napunguza, nikiwa na wawili napamba. Nikiwa na watu wengi, waliokuja kutoka mbali na wamekalia viti, hapo sina njia. Nimemwita Ratemo, atatoka Macalder. Nimemwita kaka yangu Bogonko, ndiye angeongoza ng'ombe. Mzee Monari nimemwita, na akina mama wa soko wanaoniita lile jina, wote. Nimewaambia ni kumjulia hali Dolphine. Hakuna anayejua zaidi.

Wewe mwite Willis na wale wazee wa kikao, wakae vile vile walivyokaa. Kile kiti cha katikati mniwekee mimi. Dolphine akikataa kutoka chumbani usimlazimishe. Mfungulie mlango tu, sauti yangu unaijua, itamfikia. Nawe ukae karibu na mdomo wangu uusome, ili nisiruke neno, na nikiruka uniinulie mkono. Lile lako, la kuniandikia kwamba nimefanya vizuri, sitalisema. Ukitaka utalisema mwenyewe.

Sitarajii kusamehewa. Ratemo atanisikiliza hadi mwisho, ndivyo nilivyomlea, kisha sijui atatembea kuelekea wapi. Labda atapita karibu na ule mlango wa chumbani. Labda Dolphine atamjua kwa nyayo. Au hatamtaka hata akijua, kwa sababu macho yamekwenda na hasira haina pa kurudi. Na mimi nitakuwa nimempoteza bila kumrudishia chochote. Hilo nimelifikiri, mama mwenzangu, nimelifikiri mpaka likaisha.

Usipike. Hatutakula. Hatuji na ng'ombe wala na kitu cha kunywa.

Tutafika baada ya misa yenu, watu wote, Jumapili tarehe kumi na sita Novemba.

Bathsheba Nyaboke